Doksi, sipro au azithro? Ipi inapatana na chakula chako, dawa zako na magonjwa yako

Swali ninalolisikia kuliko yote kwenye dirisha la dawa hapa Kondele, Kisumu, ni moja: "Ipi kali?" Mtu ana karatasi ya kliniki, au hana, na anataka antibiotiki kali. Mimi humuuliza amekunywa nini asubuhi na kwenye mkoba ana dawa gani nyingine. Wengine huudhika. Lakini sipro iliyomezwa kwa bilauri ya mala imeshapoteza sehemu yake kabla haijatoka tumboni, na azithro inayosifiwa kuwa laini inaweza kumtia taabani mgonjwa wa moyo, ilhali doksi ya bei nafuu ingempita salama.

Kwenye pakiti zimeandikwa doxycycline, ciprofloxacin na azithromycin. Dirishani ni doksi, sipro na azithro. Nimeziweka hizi tatu pamoja kwa sababu zinakutana mara nyingi. Chukua kipindupindu, ambacho Kisumu haihitaji kuelezwa: doksi ndiyo hutangulia, dozi moja ya miligramu 300 kwa mtu mzima, na azithro au sipro, gramu 1 mara moja, hukaa akiba pale vijidudu vinapokuwa sugu kwa doksi. Klamidia hutibiwa kwa doksi ya siku 7, na azithro ya mara moja ni mbadala. Homa ya matumbo huleta mashindano ya azithro na sipro. Amoksilini nimeiacha nje kwa makusudi. Haijali chakula, dawa inazogongana nazo ni chache, na makala juu yake yangekuwa mafupi mno.

Ni mdudu gani umekushika, hilo ni la daktari na maabara, na kisheria zote tatu ni dawa za kuandikiwa. Ila daktari akishaona kwamba mbili kati ya hizi zingefaa, kinachobaki kuamua ni maisha yako, na hayo unayajua wewe kuliko yeye.

Chakula: hapa ndipo tofauti kubwa ilipo

Chai yetu hupikwa na maziwa, kwa hiyo kiamsha kinywa cha nyumba nyingi ni maziwa tayari. Kalsiamu iliyo ndani yake huishika sipro tumboni, vikaungana kitu kimoja ambacho utumbo hauwezi kukifyonza, na dawa ikapita kuelekea chooni. Maziwa au mtindi pamoja na sipro hukunyang'anya karibu theluthi ya dawa. Doksi hupoteza takriban asilimia 20. Azithro haina habari na maziwa.

Kuna jambo ambalo watu hulikosa kuhusu sipro. Katazo ni la maziwa, mala au mtindi ukinywewa peke yake pamoja na kidonge. Ukila mlo kamili ambao ndani yake mna kalsiamu kiasi, hasara ni ndogo. Kwa hiyo ugali, sukuma wiki na omena, mifupa yake na yote, si tatizo. Chai ya maziwa na andazi moja, mimi naihesabu kuwa maziwa. Uji wa wimbi nao nauweka hapohapo ukiwa ndio chakula chote cha asubuhi, maana wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mtama kwa mbali sana. Meza sipro kwa maji, ngoja saa mbili, kisha kunywa uji wako.

Doksi ina tabia ya kinyume kidogo. Inataka kitu tumboni, la sivyo itakurudishia kila ulichonacho. Nduma, viazi vitamu, wali, ugali, vyovyote visivyo na maziwa vinafaa. Ikiwa hapo ulipo kuna maziwa tu, na bila kitu tumboni utaitapika, basi kunywa maziwa. Kupoteza sehemu moja ya tano ni afadhali kuliko kutapika kidonge kizima.

Azithro ya vidonge humezwa na chakula au bila chakula. Ya kapsuli ni lazima tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Angalia ulichopewa, kwa sababu duka moja linaweza kuwa na zote mbili.

Wanywaji wa kahawa na chai ya rangi, sipro ina jambo lenu pia. Huzuia ini lisiivunje kafeini, hivyo vikombe vile vile ulivyozoea vitakufanya utetemeke, moyo ukimbie na usingizi upotee. Mwanafunzi anayekesha kwa kahawa huku anameza sipro hudhani ni ugonjwa unazidi. Doksi na azithro hazina hili.

Adui mkubwa kuliko maziwa, lakini, ni vitu ambavyo watu hawavihesabu kuwa chakula wala dawa. Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesiamu, zile za kutafuna na zile nyeupe za chupa, zinaweza kuikata sipro hadi asilimia 90. Yaani umelipia vidonge kumi, ukala kimoja. Sipro imezwe saa mbili kabla ya hizo au saa sita baada yake. Doksi, zitenganishe kwa saa mbili au tatu. Azithro hupungua kilele chake kwa karibu robo, ila kiasi kinachoingia mwilini kwa jumla hakibadiliki.

Madini ya chuma yaliyo ndani ya dawa ya kuongeza damu yana kanuni hiyohiyo kwa sipro. Kwa doksi yana ujanja zaidi: sehemu ya doksi hutoka kwenye damu, hupitia nyongo na kurudi utumboni, na huko chuma huidaka tena hata kama ulizimeza mbalimbali. Kozi ikiwa ya siku chache, uliza kliniki kama dawa ya damu inaweza kusubiri.

Halafu kuna zinki. Mtoto anayehara hupewa maji ya chumvi na sukari ya ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Akihara damu, huongezewa sipro ya siku 3, na hapo zinki na sipro zinakutana kwenye kijiko kimoja kwa sababu hakuna aliyemwambia mama azitenganishe. Mpango ninaowapa: sipro saa moja asubuhi, zinki saa sita mchana, sipro saa moja jioni. Hapo hakuna inayomgusa mwenzake.

Na odowa. Kinamama, hasa wajawazito, huyatafuna mawe hayo ya udongo kama karanga, yamejaa mafungu Kibuye, na hakuna anayeyataja daktari akimuuliza anatumia nini. Udongo wa aina hiyo una madini yanayonasa dawa tumboni. Kuna dawa za kuhara zilizotengenezwa kwa udongo mweupe kwa sababu hiyohiyo ya kunasa. Unapomeza sipro au doksi, ihesabu odowa kama dawa ya kiungulia na uiweke mbali kwa saa zilezile.

| Unapokutana na | Doksi | Sipro | Azithro |
|---|---|---|---|
| Maziwa, mala, mtindi | Hupungua kidogo. Afadhali mbali | Hupungua sana. Usinywe pamoja | Hakuna neno |
| Dawa ya kiungulia, chuma, zinki, odowa | Tenganisha saa 2 hadi 3. Chuma, uliza kama kinaweza kusubiri | Saa 2 kabla au saa 6 baada | Tenganisha dawa ya kiungulia kwa saa 2. Mengine hayana neno |
| Kahawa, chai | Hakuna neno, ila maziwa | Mtetemo, kukosa usingizi | Hakuna neno |
| Tumbo tupu | Kichefuchefu | Inawezekana | Vidonge si lazima. Kapsuli lazima |
| Dawa ya malaria ya AL | Inapatana | Angalia moyo | Angalia moyo |
| Mimba | La, isipokuwa kipindupindu | La, ikiwepo nyingine | Ndiyo |

Dawa nyingine zilizo mkobani

Tuko ukanda wa ziwa, malaria haiendi likizo, kwa hiyo AL ndiyo dawa ninayoikuta sana pamoja na antibiotiki. AL inapenda mafuta: bila chakula chenye mafuta haifyonzwi vizuri, ndiyo maana kliniki hukwambia uimeze na maziwa, parachichi au samaki wa kukaanga. Unaona mgongano? AL inavuta maziwa, doksi inayasukuma. Suluhisho ni rahisi: AL na chai yako ya maziwa, doksi saa mbili tatu baadaye na chakula kingine.

Sipro na azithro zina shida nzito zaidi kwa AL kuliko maziwa. Lumefantrini iliyo ndani ya AL inaweza kuchelewesha umeme wa moyo kati ya pigo na pigo. Sipro hufanya hivyo, azithro hufanya hivyo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo juu ya azithro mwaka 2013. Kijana mwenye moyo mzima kwa kawaida hatasikia chochote. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyeharisha na kutapika mpaka potasiamu ikashuka, au anayetumia haloperidoli ya magonjwa ya akili au amitriptilini ya sonona, huyo anarundika mizigo juu ya moyo mmoja. Doksi haimo katika orodha hiyo. Na usidanganyike na kozi fupi ya azithro. Vidonge huisha siku ya tatu au ya tano, lakini dawa huchukua takriban saa 68 kupungua kwa nusu mwilini, kwa hiyo AL unayoianza siku tatu baadaye bado inaikuta ndani.

Kwa wanaotumia ARV za sasa zenye dolutegraviri, hakuna kati ya hizi tatu inayozivuruga. Kinachofaa kujua ni kwamba dolutegraviri inaogopa dawa za kiungulia kwa saa zilezile za sipro, mbili kabla au sita baada. Ukizoea ratiba ya moja, ya pili umeshaijua.

Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini lifanye kazi haraka, nalo huiondoa doksi mapema kuliko inavyotakiwa. Dawa za kifafa, karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, hufanya vivyo hivyo. Sasa fikiria mwenye kifafa: doksi inadhoofishwa na dawa zake, sipro yenyewe inaweza kuamsha kifafa, na zaidi ikichanganywa na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni. Kwake azithro ndiyo ya kufikiriwa kwanza.

Hapohapo kwenye rifampisini kuna hofu ya kinamama kwamba antibiotiki zote huharibu uzazi wa mpango. Rifampisini na nduguze ndizo zinazopunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya mkononi. Hizi tatu zetu haziharibu. Ila ukitapika au kuhara sana, kidonge cha uzazi kimetoka nacho.

Sukari: glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, na sipro zinaweza kushusha sukari kwa kasi, hasa kwa wazee. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa ya ajabu na maneno yasiyoeleweka, hiyo si malaria, mpe kitu kitamu na mkimbizeni hospitali. Azithro na doksi ni tulivu zaidi hapa.

Pumu: wapo wanaotumia vidonge vyenye theofilini. Sipro huipandisha theofilini hadi ikawa sumu: moyo mbio, kutapika, hata degedege. Azithro haifanyi hivyo kwa kiasi cha kutisha. Wenye maumivu ya mgongo waliopewa tizanidini wasiguse sipro kabisa. Hapo hakuna kutenganisha saa.

Warfarini ya kuzuia damu isigande hupandishwa na zote tatu. Mwenye vali ya moyo anapimwa INR (kipimo cha damu kuganda) siku chache baada ya kuanza, iwe amepewa ipi. Digoksini ya moyo na kolkisini ya jongo, angalia azithro.

Magonjwa unayoishi nayo

Mahali ambapo malaria imekaa vizazi na vizazi, damu za watu zimebadilika, na huku kwetu ndivyo ilivyo. Seli mundu inajulikana. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD haujulikani sana, na wengi wenye nao hawajawahi kupimwa. Sipro inaweza kupasua chembe nyekundu za mtu wa aina hiyo, na antibiotiki ya Septrin vilevile. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi na macho yakawa manjano baada ya kuanza dawa, acha na urudi siku hiyohiyo. Kama nyumbani mna mtu aliyewahi kupata hivyo, liseme kabla hujaandikiwa. Doksi na azithro haziogopwi kwa sababu hii.

Kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kupungua uzito: hapa naikataa sipro bila aibu. Inatoka ukoo mmoja na levofloksasini na moksifloksasini, ambazo ni dawa za kifua kikuu sugu. Inaweza kuwazubaisha vijidudu vya TB bila kuwaua, makohozi yakapimwa yakaonekana safi, na mgonjwa akaendelea kuambukiza nyumba nzima. Pima kwanza.

Kano za wazee. Sipro inaweza kudhoofisha kano, hasa ile ya juu ya kisigino, mpaka ikakatika. Hatari huongezeka kwa aliyepita miaka 60 na kwa anayetumia steroidi kama prednisoloni. FDA iliiwekea onyo zito mwaka 2008, na mwaka 2016 ikasema dawa za ukoo huu zisiwe chaguo la maambukizi ya kawaida ya mkojo, sinasi na mkamba kwa watu walio na dawa nyingine ya kutumia. Bado naona karatasi za sipro kwa kila mkojo unaowasha. Kisigino kikianza kuuma, acha kidonge, usiende kukinyoosha.

Doksi nayo ina mawili ambayo yanatufaa kuyajua sisi watu wa jua na ziwa. Huifanya ngozi iungue juani, na mpanda mpunga Ahero au mkata miwa Muhoroni hawezi kuambiwa akae kivulini wiki nzima. Mikono mirefu na kofia ndiyo kadiri ya uwezekano. Na kidonge kikikwama kooni hutoboa kidonda. Mvuvi wa omena anayekimeza kikavu saa nne usiku akiwa kwenye boti, au mtu anayekimeza na kulala palepale, huamka akishindwa kumeza mate. Bilauri nzima ya maji, kisha ubaki wima nusu saa au zaidi.

Figo mbovu: doksi inapita bila kubadilishwa kipimo, sipro hupunguzwa. Ini bovu: angalia azithro, na doksi pia. Ugonjwa wa misuli kulegea unaoitwa miasthenia: sipro na azithro zote mbili huuzidisha. Watoto chini ya miaka 8 hawapewi doksi kwa mazoea kwa sababu ya meno, ingawa dozi moja ya kipindupindu ni habari nyingine.

Pombe: mlevi wa kila siku huondoa doksi mwilini haraka, kwa hiyo inamfaa kidogo. Sipro na azithro hazina katazo la moja kwa moja, lakini sipro huku kwetu hutembea na Flagyl (metronidazoli), na Flagyl ndiyo inayokataza chang'aa, busaa na bia mpaka siku mbili baada ya kidonge cha mwisho.

Ningechagua hivi

Mjamzito: azithro, karibu kila mara. Mwenye kifafa: azithro. Mwenye AL mkononi na moyo wenye shida: doksi, kama si mjamzito. Mgonjwa wa figo: doksi. Mwenye TB au anayeshukiwa: sipro hapana. Mama anayetafuna odowa na ambaye najua hataacha: azithro, maana ratiba ya saa haitafuatwa.

Zikifungana kabisa, mimi huegemea doksi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutangulia, na sipro na azithro katika kundi la kuchungwa kwa kuwa vijidudu huzizoea upesi. Sipro naiachia mahali ambapo kweli ndiyo inayohitajika, kama mtoto anayehara damu.

Aliye mgumu zaidi kuchaguliwa ni mzee wa miaka 65 mwenye sukari, presha na goti linalouma, anayemeza glibenklamaidi na diklofenaki, kisha ameshikwa na nimonia nyepesi. Sipro inagusa sukari yake, kano zake na dawa yake ya maumivu, tena si dawa nzuri ya nimonia ya kawaida. Azithro inataka kwanza moyo wake ujulikane. Doksi inabaki, miligramu 100 asubuhi na jioni baada ya kula, chai yake ikiwa ya rangi kwa siku hizo, na kidonge cha jioni kimezwe wakati wa chakula, si wakati wa kupanda kitandani.